Gauni la Mikunjo kwa Fundi wa Ngamiani: Krepu, Kanga na Upindo Ulioharakishwa

Mjini Tanga mafundi wa magauni ya shughuli ni wengi, na karibu wote wanaweza kukuonesha katika simu picha ya gauni ambalo mikunjo yake inateremka kutoka begani, inavuka tumbo na kumwagika upande mmoja wa nyonga. Wachache ni wale wanaoweza kulishona bila kudanganya. Udanganyifu wenyewe unajulikana: fundi hushona kwanza gauni la kawaida la kubana, halafu huchukua kipande kingine cha kitambaa, akakipanga solo, yaani marinda, akakipigia pasi na kukishonea juu ya lile gauni, na kazi ikiwa ya haraka hutumia gundi ya moto. Likiwa juu ya mdoli dukani hupendeza kweli. Lakini mvaaji akiketi mkekani, akainua mkono kupokea sahani ya pilau au akasimama kucheza, mikunjo hubaki pale pale ilipobandikwa, mwili ukienda huku na nguo ikibaki kule.

Karakana ninayoielezea hapa iko Ngamiani, katika mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Ni chumba kimoja chenye cherehani mbili, mashine ya ovaloki, midoli mitatu na benchi la wateja ambalo mara nyingi limejaa vitambaa kuliko wateja. Fundi ni mwanamke wa makamo. Jina lake silitaji kwa sababu mwenyewe hataki matangazo, na anayemtaka kwa dhati ataelekezwa na wauza vitambaa wa mtaa ule ule, ambao humjua kwa tabia yake ya kukinyoosha kitambaa kwa pembe mbele ya muuzaji kabla ya kukubali kinunuliwe. Nilimpa kazi mbili: gauni la krepu kwa ajili ya harusi ya ndugu, na vazi la kanga la kuvaa siku ya Idd. Nilizichagua makusudi ziwe mbili zisizofanana, kwa kuwa krepu ni kitambaa kinachotii na kanga ni kitambaa chenye maoni yake.

Ili tathmini hii ieleweke, ni lazima kwanza isemwe mikunjo ya kweli inatoka wapi. Kitambaa cha kufumwa kina nyuzi za mtande zinazokwenda urefu wake na nyuzi za mshindio zinazokatiza upana. Ukikivuta kwa kufuata mtande au mshindio, hakivutiki sana, kwa sababu unavuta uzi wenyewe. Ukikivuta kwa mshazari, yaani kutoka pembe hadi pembe, nyuzi hizo husogea na kulaliana, kitambaa kinarefuka kidogo na kusinyaa upana, kisha kikiachiwa hurudi. Kipande kilichokatwa kwa mshazari na kuning'inizwa begani kitaufuata mwili kwa uzito wake, bila dati (kile kikunjo cha kushonwa cha kuibana nguo) wala zipu ya kukilazimisha. Aliyeifanya elimu hiyo kuwa msingi wa mavazi ya kisasa ya Ulaya ni Mfaransa Madeleine Vionnet, aliyefungua nyumba yake ya mitindo mjini Paris mwaka 1912 na kuvuma zaidi katika miaka ya 1920. Hakuanza na mchoro wa karatasi. Alizungushia kitambaa kwenye kidoli cha mbao, akakitazama kinavyoanguka, na alipopata umbo alilolitaka ndipo alipolikuza kuwa gauni la mtu mzima. Ilimbidi pia aagize vitambaa vyenye upana kuliko kawaida, maana ukataji wa mshazari unakula kitambaa.

Fundi wetu wa Ngamiani hafanyi kazi kwa kidoli kidogo, lakini njia yake ni ile ile. Baada ya kunipima alimchukua mdoli mmoja, akamzungushia vipande vya kanga kuukuu kifuani na nyongani, akavifunga kwa uzi hadi vipimo vya mdoli vikalingana na vyangu, kwa kuwa mdoli wa dukani, kwa maneno yake, "hajazaa na wala hali wali". Kisha aliiweka krepu begani kwa mshazari, akaishika kwa pini moja tu upande wa kushoto, na kuiacha. Hakuigusa kwa muda. Alipoirudia, aliishika kwa vidole viwili sehemu ya chini, karibu na goti, akaivuta taratibu kuelekea kulia, na mkunjo wa kwanza ukajitokeza wenyewe juu kabisa, chini ya mtulinga. Aliupigia bandi, yaani mishono ya muda, kwa uzi mweupe, akavuta tena mahali pengine, na mkunjo wa pili ukaja chini ya wa kwanza. Hakuna hata mmoja alioukunja kwa mkono. Nilipomuuliza kwa nini asiipange tu kwa pasi ikaisha mapema, alinijibu bila kuinua macho: "Mwanangu, nguo ukiilazimisha itakuaibisha mbele za watu. Ngoja iseme inataka kulala wapi."

Matokeo yake kwenye krepu ni mazuri kuliko nilivyotarajia kwa bei ile. Gauni lilinikaa bila kunibana, na nilipoketi mikunjo ya tumboni ilisogea na kujipanga upya, kisha niliposimama ikarudi. Mshono wa ubavuni haukupinda, jambo ambalo ndilo hushinda wengi katika kazi ya mshazari, kwa sababu cherehani huuvuta upande mmoja wa kitambaa kuliko mwingine na mshono mzima ukajizungusha kuelekea mbele. Yeye huushona mshono huo ukiwa umenyooshwa kidogo, kwa mishono mifupi, na bitana huikata kwa mshazari pia ili isipingane na nguo ya juu. Hilo la bitana ni dogo kulitaja lakini ni kubwa kulivaa. Nimeona magauni ya gharama kubwa ambayo krepu yake inataka kuteremka huku bitana iliyokatwa kwa kunyooka ikiishikilia, na mvaaji akiwa kazini usiku kucha kujirekebisha.

Shingo ya gauni ilikuwa ya kuning'inia, ile inayoacha mkunjo mmoja mpana kifuani. Ili mkunjo huo usipeperuke wala kugeuka nje mtu anapoinama, alishonea kwa ndani sarafu moja iliyovikwa kipande cha bitana na kuning'inizwa kwa uzi mfupi. Wazo la kuweka uzito ndani ya nguo ni la zamani katika ushonaji mzuri, na hapa linafanya kazi: niliinama, nikasalimia wazee, nikabeba mtoto, na shingo haikufunguka. Lawama yangu ni kwamba sarafu haikuwekewa njia ya kuitoa, kwa hiyo wakati wa kufua inagonga gonga kwenye beseni na kuuvuta mkunjo. Kifungo kimoja cha kubana kingemaliza jambo hilo.

Lawama iliyo nzito zaidi ni ya upindo. Kitambaa kilichokatwa kwa mshazari huendelea kurefuka kwa uzito wake baada ya kukatwa, na hakirefuki sawasawa. Sehemu zilizoangukia mshazari kamili hushuka zaidi kuliko zile zilizo karibu na mtande. Ndiyo maana gauni la namna hii hutundikwa usiku mzima, bila kupigwa upindo, kisha asubuhi mvaaji akalivaa na fundi akaupima urefu kutoka sakafuni kuja juu. Siku hiyo karakana ilikuwa na kazi ya sare za harusi nyingine, haraka ikaingia, na upindo wangu ulipigwa jioni ile ile gauni lilipotoka mashineni. Ulikuwa sawa nilipolijaribu pale dukani. Siku ya harusi upande wa kulia ulikuwa umeteremka kiasi cha upana wa vidole viwili, na ilinibidi nivae viatu virefu kuliko nilivyokusudia. Fundi alilirekebisha baadaye bila malipo na bila mabishano, akakiri mwenyewe kwamba alijua na akaharakisha. Namsifu kwa kukiri, ila gauni lilikwisha pigwa picha.

Sasa kanga, ambayo kwangu ndiyo sababu hasa ya kuiandika tathmini hii.

Pwani haikusubiri Paris ili ijue nguo isiyokatwa. Kanga, kaniki, kikoi na mgolole ni vipande vya mstatili ambavyo mwili ndio unavipa umbo, na buibui la kamba walilovaa bibi zetu lilikuwa kitambaa kipana cheusi kilichofungwa kichwani kwa kamba yake na kukusanywa kwa mkono, mkunjo ukiamuliwa na mvaaji kila anapopiga hatua. Kujitanda, kujifunga lubega, kufunga kiunoni na kupiga kilemba ni ustadi ambao msichana wa Pwani huupata nyumbani bila kuambiwa kwamba anafundishwa mitindo. Kwa hiyo fundi anayeichukua doti ya kanga na kuikatakata ili itoke gauni la kola na mikono amefanya kazi ya cherehani, lakini ameiacha kando elimu iliyokuwa tayari ndani ya kitambaa. Tena ameharibu mpangilio wake, kwa kuwa kanga ina pindo pande zote nne, ina mji katikati na ina jina lake, na mkasi ukipita ovyo pindo linatokea kwapani na mji unagawanyika mgongoni.

Fundi huyu hakuitia mkasi. Vipande viwili vya doti, kila kimoja urefu wa kama mita moja na nusu na upana wa zaidi kidogo ya mita moja, vilibaki vizima. Kimoja alikifunga kiunoni kwa kukipishanisha mbele, akakishonea kwenye mkanda wa ndani. Cha pili alikipitisha chini ya kwapa la kulia na kukikusanya juu ya bega la kushoto kama lubega, pembe moja ikining'inia nyuma, na akakishikiza kwa mishono michache ya mkono katika sehemu tatu: begani, chini ya kifua na kwenye mkanda. Ukiifumua mishono hiyo unarudishiwa doti yako nzima, unaweza kuifua, kuikunja na hata kumpa mtu zawadi. Sijaona wazo bora kuliko hilo katika mavazi ya kanga ya miaka hii, na ni la heshima kwa kitambaa chenyewe.

Jina la kanga alilifikiria pia, tena alilifikiria kwa sauti. Katika vazi la mikunjo maandishi huzama, na linalobaki juu linaweza kusema jambo ambalo mvaaji hakukusudia. Doti niliyompelekea mwanzoni ilikuwa na methali "Hasidi hana sababu", naye baada ya kuizungusha mara moja juu ya mdoli alicheka na kuniita nitazame: maneno mawili ya mwisho yalikuwa yamezama chini ya mkunjo wa kiunoni, na juu ya nyonga limebaki neno "Hasidi" peke yake. Akaigeuza, jina likaenda chini nyuma, mahali ambapo husomwa na anayekufuata, nalo likasomeka lote. Mteja anayependa mikunjo mingi zaidi ni afadhali achague kanga yenye jina fupi au akubali jina lifichwe kabisa kwa ndani.

Ushauri wa lazima kwa wanaotaka vazi hili: kanga ifuliwe kabla ya kupelekwa. Kanga mpya ina dawa ya kiwandani inayoifanya kuwa ngumu na ya kung'aa, na ikishonwa vile ilivyo mikunjo yake husimama badala ya kulala. Ikifuliwa na kukaushwa mara mbili tatu, pamba inalegea, rangi inayotaka kuchuja imechuja, na kama kuna kurudi imekwisha rudi. Fundi alinirudisha nyumbani na doti yangu ikiwa bado na mstari wa mkunjo wa dukani, akaniambia nimletee ikiwa imechoka kidogo. Wengine wangeipokea tu na kuanza kukata.

Kuhusu satini sina sifa za kumpa, wala sidhani kosa ni lake peke yake. Pale karakanani palikuwa na magauni ya wasimamizi wa harusi ya satini ya poliesta yaliyokatwa kwa mshazari, na kila mshono ulikuwa umejikunyata, sindano ikiacha vishimo vinavyoonekana kwa mbali. Satini nyepesi ya bei nafuu hung'aa juu ya kila kosa, na katika joto la Tanga lenye unyevu wa baharini hunata mgongoni kabla shughuli haijafika katikati. Wateja wanaitaka kwa sababu ya picha. Yeye huwaambia, wao husisitiza, naye hushona. Ningependa angekataa, lakini si mimi ninayemlipia kodi ya chumba.

Kitambaa cha jezi chepesi kinachovutika anakiweza vizuri, na nilimwona akimalizia kazi moja iliyonikumbusha picha za magauni ya Madame Grès, yule Mfaransa aliyetamani kuwa mchongaji sanamu na badala yake akaikusanya hariri ya jezi yenye upana wa karibu mita 3 katika mikunjo myembamba hadi ikabaki sentimeta chache. Kazi ya hapa haikufika mbali kiasi hicho, na haikuhitaji kufika, ila mikunjo ya kifuani ilikuwa imepigwa kwa mkono mmoja mmoja. Kwa upande mwingine, anayetaka zile nguo za solo nyembamba nyembamba zisizopigwa pasi asimsumbue fundi wa mtaani. Hizo ni kazi ya joto la kiwandani juu ya poliesta, njia iliyopata umaarufu kupitia Mjapani Issey Miyake, ambaye alishona kwanza nguo kubwa mara kadhaa kuliko kipimo kisha akaikunja na kuipitisha kwenye mashine ya joto, na mwaka 1993 akaanzisha nguo zake zinazoitwa Pleats Please. Zinazoletwa kutoka Kariakoo zimefuata njia hiyo hiyo kwa ubora mbalimbali, na cherehani ya Ngamiani haiwezi kuziiga.

Uvaaji una masharti yake. Mji huu ni wa baiskeli, na ile pembe ya kanga inayoning'inia nyuma ya bega ina urefu kamili wa kufikia spoki. Kwenye bodaboda ni hatari zaidi. Fundi alinishonea kitanzi kidogo kwenye mkanda ili niichomeke pembe hiyo ninaposafiri, na nilikitumia, ingawa bado nawashauri wanaokwenda shughulini wapande bajaji. Ukitembea kando ya bahari kule Raskazone wakati upepo umekaza, krepu inatulia na kanga inapepea, kwa hiyo wanaojisitiri watahitaji vazi la ndani la mikono mirefu, ambalo yeye hushona kwa jezi ya rangi ya pindo, pamoja na mtandio usio na nakshi. Kwapa la upande wa lubega huachia nafasi. Alilirekebisha kwa mshono mmoja nilipolalamika, lakini alipaswa kuliona kabla yangu.

Kwa gauni la krepu nilimlipa ufundi wa shilingi 70,000, na kwa vazi la kanga shilingi 30,000, kitambaa kikiwa changu. Krepu ililiwa mita 4, wakati gauni la kunyooka la kimo changu lingetosheka na mita 3 au pungufu, na tofauti hiyo lazima iingie kwenye hesabu ya mteja kabla hajaanza kusifu bei. Vipande vilivyobaki alinirudishia vyote ndani ya mfuko, hata vile vya pembetatu visivyofaa kitu. Lugha yake ni nzuri, salamu haikosekani, na hakuna mteja anayeondoka bila kujaribu nguo nyuma ya pazia. Pazia lenyewe ni jembamba na kioo ni kifupi, humalizia magotini, jambo la ajabu kwa mtu ambaye kazi yake yote inaamuliwa na namna nguo inavyofika chini.

Ahadi za tarehe zichukuliwe kwa tahadhari. Karibu na Idd na katika miezi ya harusi nyingi kazi humzidi, na inapomzidi anachokipunguza ni ule usiku wa kutundika. Mteja na aseme mapema, tena mbele ya msaidizi wake anayeandika daftari, kwamba gauni la mshazari lisipigwe upindo hadi lilale limetundikwa. Nimekwisha mpelekea krepu nyingine, ya kijani kibichi, na sharti hilo limeandikwa kwenye daftari chini ya vipimo vyangu.